Mama Aliniuliza Neno Moja Tu: "Dirishani?"

Wiki hii dada mmoja wa Kayole ameniandikia. Ameweka akiba, anataka kumpeleka mama yake Mombasa kwa treni mwezi wa Agosti, mama hajawahi kuipanda SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, na hajui aanzie wapi. Ujumbe wake ulinikuta sijafungua hata begi la safari, kwa maana Jumapili nimetoka huko huko, kwa treni hiyo hiyo, nikiwa na mama yangu. Dada, nitakujibu, ila lazima nianzie panaponiuma.

Desemba 2018. Treni ya Madaraka, ndiyo hiyo ya SGR, ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu ianze kubeba abiria, nami nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza yenye mshahara wa kueleweka. Sisi tuliolelewa kwa shida tunaijua ile hamu: siku nikipata, mama atakula matunda ya jasho lake. Mama yangu alizaliwa Muthurwa, kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Babu alikuwa fundi huko enzi za East African Railways, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977. Hadithi zote za utoto wa mama zina treni ndani yake: safari ya usiku kwenda Mombasa, shuka zilizotandikwa, mhudumu akipita na kengele kuwaita watu mezani. Baba yake alipoacha kazi, treni nayo ikaisha kwake. Kwa hiyo nilipompigia kumwambia nimekata tiketi mbili, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Dirishani?"

Treni yetu ilikuwa ya alasiri. Mwenye teksi niliyepatana naye alichelewa, nami badala ya kutafuta gari jingine nikakaa kumngoja. Tulitoka Dagoretti saa saba na nusu. Barabara ya Mombasa wiki ya Krismasi unaijua. Tulipofika Cabanas magari yalikuwa yamesimama kabisa, na mama akawa anaangalia saa yake ya mkononi, anaifunika kwa leso, anaifunua tena. Tuliingia stesheni ya Syokimau zikiwa zimebaki dakika tano treni iondoke. Askari alimwangalia mama, akainamisha kichwa: "Pole sana, shosho. Wameshafunga." Tukiwa hapo hapo tukaisikia honi.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mkononi alikuwa na kikapu cha maparachichi ya kumpelekea dada yake Changamwe. Hakunilaumu. Usiku tulipanda basi na hakusema neno mpaka Mtito Andei. Aliyesema ni kaka yangu mkubwa, siku ya mwaka mpya, mbele ya shemeji na watoto: "Hata kumpandisha mama treni kumekushinda." Maneno hayo nimetembea nayo miaka yote hii. Kila nilipomtajia mama safari ya treni alinijibu, "Basi latosha, mwanangu."

Kwa hiyo dada, la kwanza ni kufika mapema. Ukiwa peke yako, saa nzima kabla. Ukiwa na mzazi, saa mbili. Kabla ya kuingia, mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, watu wanasogea pembeni, mbwa wa polisi wanapita kuinusa. Kisha kuna mashine ya kukagua mabegi, kupekuliwa mwilini, kuonyesha tiketi na kitambulisho, na ngazi. Mtu wa magoti mabovu humkimbizi hapo. Usiutegemee mkono wa mwenye gari mmoja, hata kama ni jirani. Mimi siku hizi nashuka mjini na kupanda treni ya abiria ya kutoka stesheni ya zamani hadi Syokimau, ile iliyopangwa kuwahi safari za SGR. Reli haina foleni ya magari.

Tiketi unakata kwa simu, *639#, unalipa kwa M-Pesa, halafu unaichapisha kwenye mashine pale stesheni. Beba kitambulisho chenyewe cha mama. Na kwa kuwa Agosti shule zimefungwa, usingoje wiki ya mwisho. Nasema tena, usingoje.

Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Nilikata la kawaida, na wala sioni aibu. Viti vinatazamana, tatu upande huu na mbili upande ule, na ndiyo sababu kufika Emali mama alikuwa ameshajua majina ya wajukuu wa kila aliyekaa karibu. Pakua mkoba wa mzazi kabla hamjatoka nyumbani: mama alikuwa amebeba kisu cha kumenyea machungwa, kikabaki kwa askari.

Chagua treni ya saa mbili asubuhi. Zile za saa tisa alasiri na saa nne usiku ni za haraka, takriban saa tano. Ya asubuhi inasimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingineko, inachukua karibu saa sita, lakini nchi yote unaivuka mchana. Mkielekea Mombasa, Kilimanjaro iko upande wa kulia mawingu yakikubali. Sisi hayakukubali. Tsavo je! Ndovu wamejipaka udongo mpaka wakawa wekundu kama matofali, na kuna sehemu reli imeinuliwa ili wao wapite chini. Mama hakuwaangalia sana. Alikuwa anaitafuta reli ya zamani, ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ambayo kwa sehemu nyingi inakwenda sambamba na hii mpya. Kila ilipojitokeza kwenye vichaka alinigusa goti. "Ile. Ile ndiyo ya babu yako." Akanisimulia habari za simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, kama alivyosimuliwa landini. Nilikuwa sijawahi kuisikia kwa kinywa chake.

Vijana wenzangu, tunajenga, tunanunua viwanja, tunasema mzee angoje kidogo mambo yakae sawa. Magoti hayangoji. Mama ana miaka 74. Niliipoteza miaka yote hiyo kwa kuona haya, wakati tiketi ilikuwa ya kukatwa kwa simu. Usinione nahubiri, nasema kwa sababu niliona uso wake kwenye kioo cha dirisha la treni.

Tukikaribia Voi aliomba simu yangu, akampigia kaka. Hakumsalimia hata. "Niko dirishani," akamwambia, akanirudishia simu.

Dada, jambo la mwisho: stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na mji, na mkishuka mtaitwa na kila mwenye gari. Patana bei kabla mzigo haujaingia. Sisi tulichukua matatu hadi Changamwe. Mama mkubwa alikuwa ametungoja barabarani, na safari hii maparachichi yalifika magumu, ya kukaa siku mbili ndipo yaliwe.