Ile karatasi ya kihamba

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza Neema aanze darasa la kwanza shule ya serikali hapo jirani, au mjibane mumpeleke ingilishi midiamu. Jana usiku nilikaa kukujibu, nikajikuta naandika habari za kihamba, shamba letu la urithi.

Unaikumbuka karatasi ya 2003. Mahakama ya mwanzo tulishinda, kila neno kwa Kiswahili, bibi yako akawaonyesha wazee wa baraza masale, ile mimea ya mpaka. Jirani akakata rufaa wilayani. Huko nako tulijibizana kwa Kiswahili, ila hukumu ikaandikwa Kiingereza, kurasa nne. Karani akasema, "Chukueni nakala, mtaielewa nyumbani."

Nyumbani msomi alikuwa wewe, kidato cha pili. Ulifuata maneno kwa kidole mpaka kwenye "appeal is allowed", ukaruka: "Baba, tumeruhusiwa!" Bibi akapiga vigelegele, mama yako akachinja jogoo. Kumbe rufaa iliyokubaliwa ni ya jirani. Tulijua siku alipoleta vijana kung'oa masale, na zile siku 30 za kwenda Mahakama Kuu zilishapita. Migomba yote ya upande wa mfereji ikaenda.

Sijawahi kukulaumu. Nimeandika hivyo halafu nikasita, maana wiki ile nzima nilikula peke yangu, na wewe uliona. Lakini kosa lako lilikuwa nini? "Allowed" uliyofundishwa wewe ni ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mama yako amechoka kunisikia nikisema: hukumu usiyoielewa hujahukumiwa, umeviziwa. Sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nilimpigia simu kila mtu, hata yule jirani. Hakupokea.

Ila ngoja. Bibi yako hata Kiswahili kilimpiga chenga. Pale barazani alisema Kikibosho, mzee mmoja akamtafsiria, na habari ya isale ikatoka nusu. Kwetu isale si alama ya mpaka tu. Uliyemkosea ukimpelekea jani lake, kukunyima msamaha ni vigumu. Karani akaandika "mmea". Basi siku ile tuliposhinda, yeye alikuwa ameshaviziwa kidogo, na mimi nikashangilia. Hilo sikuliwaza mpaka tulipomzika.

Na wewe Kiingereza hichohicho ndicho kilikupa kazi Arusha, ukamsomesha mdogo wako na kuniezekea bati hili ninaloandikia chini yake. Nikikidharau nitakuwa nakula huku nikitukana mpishi. Halafu sekondari ni Kiingereza vilevile, Neema atakutana nacho tu. Wengi hunyamaza darasani kuanzia hapo, si kwa ujinga.

Nilishaandika "mpeleke ya serikali", nikafuta. Nikaandika ile nyingine, nikafuta pia, ndiyo maana ukurasa huu umechafuka. Amueni wewe na mumeo. Nina langu moyoni na unalijua, usinilazimishe.

Karatasi bado ninayo, imo kwenye Biblia ya bibi. Mkipanda kuja huku nyumbani Krismasi, nisomee tena, polepole, mpaka mwisho wa ukurasa wa nne. Huko hatukuwahi kufika.

Baba yako