Tiki ya kijani ilinidanganya miezi 14

Juzi nilipata ujumbe wa msomaji mmoja. "Kaka, nyumbani tuna kompyuta tatu: yangu, ya mume wangu, na moja wanayogombania watoto. Ninunue programu gani ya ulinzi na ya kuhifadhi nakala? Zipo nyingi mpaka kichwa kinaniuma." Ujumbe wenyewe ulinikuta kwenye wiki niliyokuwa natembea kifua mbele, na nitasema kwa nini. Lakini jibu langu linaanzia kwenye jambo ambalo bado linaniuma, kwa hiyo dada aniwie radhi nikianza mbali kidogo.

Miaka minne iliyopita nililipia kifurushi kikubwa cha programu. Jina silitaji. Kilikuwa na kila kitu: kuzuia virusi, kuhifadhi nakala, kusafisha diski, kuharakisha kompyuta, kulinda watoto, kutunza nywila. Kwenye kona ya chini ya skrini ilikaa tiki ndogo ya kijani, na kila nilipoiona moyo ulitulia. Najua na wewe unautaka utulivu huo. Umeshatoa pesa yako, unataka uambiwe mambo ni shwari urudi kwenye shughuli zako.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na rekodi 41 za sauti ya mama yangu. Nilimrekodi kwa simu katika miezi yake ya mwisho, nikazihamishia kwenye kompyuta, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikazifuta huko. Alisimulia utoto wake, akataja ndugu zake wote hata waliofariki wakiwa wachanga, akaeleza alivyokutana na baba. Katika rekodi moja alikuwa anacheka tu, karibu dakika nzima, na mimi nacheka naye.

Mama alishatutoka asubuhi ile kompyuta ilipoanza kugonga. Tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Aliyewahi kuusikia mlio huo kwenye diski ya sahani, ile ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani, anaujua. Sikuogopa, maana nilikuwa na nakala. Nikaichukua diski ya nje, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mke wangu, nikafungua programu, nikapekua mpaka ukurasa wa tatu, na hapo kwa herufi ndogo za kijivu nikasoma tarehe ya nakala ya mwisho. Miezi 14 nyuma. Diski ya nje ilikuwa imejaa, programu ikaacha kunakili, na tiki ikabaki ya kijani kwa sababu ilihusu upande wa virusi peke yake. Rekodi ya kwanza ya mama ilikuwa ya miezi 11 nyuma.

Niliwaandikia waliotengeneza programu. Walijibu baada ya siku kadhaa kwamba toleo jipya hutoa onyo diski ikijaa, na kwamba ningeweza kulipata kwa punguzo. Fundi akaniambia sahani imekwaruzika, hakuna cha kuokoa. Hapo nitaruka miezi kadhaa, haina faida kuisimulia.

Iliyopona ni rekodi moja. Niliwahi kumtumia dada yangu kwa WhatsApp kipande cha dakika mbili, mama akiwataja shangazi zake, na mwishoni anakohoa, nasikika nikimuuliza kama anataka maji. Kilipona kwa sababu kilikuwa kwenye simu nyingine, katika nyumba nyingine. Dada yangu hajawahi kulipia programu maishani mwake.

Tangu hapo nina swali moja ninalouliza kabla sijaweka programu yoyote nyumbani kwangu: je, mtu asiyependa kabisa mambo ya kompyuta katika nyumba hii anaweza kuniambia, bila kuniita, nakala ya mwisho imechukuliwa lini? Kama hawezi, programu hiyo siitaki, hata ikisifiwa na dunia nzima.

Kwa hiyo dada yangu, kwanza usinunue. Anza na kilichomo.

Upande wa virusi nitapita haraka. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kinga ya Microsoft huja ndani ya Windows yenyewe, leo inaitwa Microsoft Defender, na kwa familia ya kawaida inatosha. Ukiweka nyingine juu yake, ile ya mwanzo hujiweka pembeni, kwa hiyo usidhani umepata walinzi wawili. Mac nayo ina kinga yake ya ndani. Kinachoziangusha nyumba nyingi ni masasisho yanayoahirishwa kila siku kwa kubonyeza "nikumbushe kesho". Mwezi Mei 2017 programu ya WannaCry ilifunga mafaili ya watu duniani kote, zikiwemo hospitali za Uingereza, ikidai dola 300 kwa Bitcoin ili kuyafungua. Iliingia kupitia tundu la Windows, na kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuliziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Na kama moja ya kompyuta zenu bado ni Windows 10, fahamu kwamba huduma yake ya kawaida ya masasisho iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ipandishe iende Windows mpya kama inakubali, au iandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, kama bado upo, wakati unajipanga. Ile ya watoto ipe akaunti ya kawaida, isiwe na mamlaka ya kuweka programu. Hilo tu litakupunguzia nusu ya mashaka.

Kwenye nakala ndipo ninapotaka usikie vizuri. Kwa Mac kuna Time Machine, ambayo imo tangu 2007. Unachomeka diski, unakubali, basi. Inatunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi, na diski ikijaa inafuta za zamani kuliko zote ili ipate nafasi. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili nilipokutana nayo kwa mara ya kwanza. Nunua diski yenye ukubwa angalau mara mbili ya ile ya ndani. Kwa Windows kuna File History. Ukiiwasha, hunakili folda zako kila baada ya saa moja iwapo diski imechomekwa, na ninachokipenda ni kwamba mafaili hukaa humo kama yalivyo, kila moja likiwa na tarehe na saa kwenye jina lake. Huhitaji programu maalumu kuyafungua. Diski ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine ya Windows, unayaona.

Nakala ikishachukuliwa, chomoa. Narudia, chomoa. Programu za kudai fidia, kama ile WannaCry, hufunga kila diski zinayoikuta imeunganishwa, na diski inayokaa imechomekwa usiku na mchana itakwenda pamoja na kompyuta. Sisi huchomeka jioni na kuchomoa kabla ya kulala.

Halafu kuna huduma za wingu, yaani kuweka mafaili yako kwenye mtandao wa kampuni fulani. Google wanatoa GB 15 bure, OneDrive ya Microsoft GB 5, na watu wengi huamini kwamba faili likishakuwa huko limehifadhiwa. Kusawazisha, yaani kufanya kompyuta zote zionyeshe mafaili yaleyale, ni jambo moja na nakala ni jambo lingine. Kijana wangu wa kiume alifuta folda ya picha kwenye kompyuta yake ili apate nafasi, ikafutika kwenye kompyuta zote tatu. Tuliikuta kwenye pipa la Google Drive, ambako vitu hukaa siku 30 kabla ya kufutwa kabisa. Tungechelewa tungelia tena. Wingu ni zuri kama nakala iliyo mbali na nyumba, moto au mwizi akija. Lisiwe nakala pekee. Wenye kazi hii wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumbani. Diski ya pili, ukiibadilisha mara moja kwa mwezi nyumbani kwa ndugu, inaitimiza kanuni hiyo bila intaneti.

Sasa kile kifua mbele. Jumatano ya wiki iliyopita laptopu ya binti yangu ilikataa kuwaka, zikiwa zimebaki siku mbili akabidhi kazi yake ya mwisho ya masomo. Alichukua diski yake, akaichomeka kwenye kompyuta ya mama yake, akafungua folda, akachagua faili la saa kumi jioni, akaendelea kuandika. Dakika 40 hivi. Mimi nilipata habari wakati wa kulala, tena kwa bahati, nilipouliza kwa nini amekalia kiti cha mama yake. Sikuitwa. Naomba unielewe, hiyo ndiyo furaha yangu kubwa kuliko hata faili lenyewe kupona.

Na hakufanikiwa kwa kubahatisha. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mmoja wetu huchagua faili lolote, hulirudisha kutoka kwenye diski, na hulifungua mbele ya wengine. Usiiamini nakala ambayo hujawahi kuirudisha. Mimi niliiamini, na unajua yaliyonipata. Usimwachie fundi, usiiachie tiki ya kijani, usisubiri mwisho wa mwezi. Kama una sauti ya mzazi kwenye simu yako sasa hivi, itume kwa ndugu yako leo kabla hata hujatafuta diski ya kununua.

Mwezi huu zamu ilikuwa ya mtoto wetu wa mwisho. Alichagua rekodi ya bibi yake. Ilicheza yote, mpaka kwenye kikohozi.