Barua kwa mwanangu: ile karatasi ya sahihi

Ujiji, Jumapili jioni

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Unasema Alhamisi binti mnayekaa naye hosteli ameandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa lenu maneno ya kumdhihaki Mtume wetu. Wenzako wameyahifadhi, na sasa kila baada ya Isha kuna karatasi inapitishwa ya kutaka afukuzwe chuo na apelekwe polisi. Wameshasaini 41. Unauliza, "Baba, na mimi nisaini?"

Usisaini.

Ningeishia hapo, ila najua utapiga kuuliza sababu, na vocha yenyewe unakopa.

Maneno yale yameniuma, usije ukadhani baba yako amekuwa mtu wa kisasa. Nimelelewa Ujiji hii kwenye maulidi na dhikri, na jina lile likitajwa sijawahi kulipita bila kumswalia. Huyo binti amekosa adabu na ukimwambia hivyo usoni hujamwonea. Lakini nimekuwa karani wa mahakama miaka 26, nimeshika mafaili mengi, na karatasi za namna hiyo najua huwa zinafikia wapi.

Mwenzenu mmoja, unasema, anajidai na kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha maneno ya kuumiza kwa makusudi hisia za dini za mtu. Muulize kama anamjua Hamisi Rajabu Dibagula. Huyo ni Mwislamu mwenzetu, alikuwa akihubiri Morogoro, na alishitakiwa kwa kifungu hicho hicho. Alisema nini? Kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Hiyo si ndiyo Kul huwallahu, mwanangu, kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa? Sura uliyoihifadhi hata meno ya utotoni hayajaisha kung'oka! Mahakama ya wilaya ikamfunga miezi 18. Mwaka 2001 watu wakaandamana Dar es Salaam, kukawa na purukushani na polisi, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2003 ilimfutia hatia. Mtu kueleza imani yake, hata kama inapingana na ya jirani, haimaanishi amekusudia kumuumiza.

Na Wakristo walioumia siku ile hawakuwa wakijisingizia. Mtu aliyelelewa akimwita Yesu Mwana wa Mungu, ukisimama na kipaza sauti ukamwambia si hivyo, anaumia kweli, kama mimi leo. Sasa tukianza kupima kosa kwa uchungu wa msikilizaji, nani atabaki nje? Padri ataingia, sheikh ataingia, na mimi nitafuata na juzuu yangu kwapani. Leo mna majina 41 kwa sababu hapo hosteli mko wengi. Kuna vyuo ambako hamko wengi.

Mama yako hapendi nikisimulia hii, lakini nitaisimulia. Miaka ya tisini mihadhara ya hadharani ya kubishana dini ilipopamba moto, tulifanya mmoja karibu na nyumbani, usiku tatu mfululizo. Vijana wetu walikuja na Biblia zilizopigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Spika moja tuliifunga kwenye mwembe, na mdomo wake ukaelekea dirisha la mama mmoja wa Kiha, Mpentekoste, muuza maandazi. Usiku wa tatu akatoka, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Tukajua leo ni ugomvi. Mmoja wetu alishaanza kukunja mikono ya kanzu. Akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, "Baba, hiyo spika igeuzeni kidogo, mtoto ana homa hajalala." Basi. Kuhusu yale tuliyokuwa tukiyasema juu ya Yesu wake siku zote tatu, hakusema neno. Nilipanda mwembe mwenyewe nikaigeuza kuelekea ziwani, migebuka wakahubiriwa mpaka saa sita usiku.

Uhuru wa maoni upo ibara ya 18 ya Katiba, wa dini ibara ya 19. Vifungu utavisoma mwenyewe. Mimi nikisoma ibara hizo namkumbuka yule mama.

Angeandika kwamba Waislamu wapigwe au msikiti uchomwe, ningekuambia nenda polisi usiku huo huo. Hakuandika hivyo. Ameandika upuuzi. Na kwa upuuzi Kurani imetupa la kufanya, Suratun-Nisaa aya ya 140: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zinafanyiwa mzaha, msikae nao mpaka waingie mazungumzo mengine. Unainuka, unaondoka. Wakibadili mazungumzo, kurudi hujakatazwa. Najua masheikh wana maneno marefu zaidi kuhusu adhabu, nami si sheikh.

Halafu kuna hili, ambalo sikutaka kukuandikia. Mimi nimewahi kusaini. Unamkumbuka yule ustadhi kijana wa madrasa yetu? Alisema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, akasema mbele ya wazee, mwezi wenyewe wa maulidi, Mfunguo Sita. Tuliona ametutukania wazazi wetu makaburini. Karatasi ikapita, nikatia sahihi yangu nzuri ya kikarani, na kabla ya wiki kwisha akafungasha. Aliyekufundisha kutoa herufi ya ain kooni ni yeye. Ulilia, ukaniuliza amekwenda wapi, nikakujibu amepata kazi kwingine.

Sasa nikuulize na mimi. Mei 2022, huko Sokoto, Nigeria, mwanafunzi wa chuo cha ualimu aitwaye Deborah Samuel aliuawa na kundi la watu, wakiwemo wanafunzi wenzake, kwa sauti aliyotuma kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kabla ya kuuawa alikuwa mtu wa grupu tu, kama huyo wenu. Umeniandikia habari za sahihi, za kifungu, za nani kasema nini. Hukuniandikia huyo binti analala wapi tangu Alhamisi, na kama anakwenda kula na nani. Nijibu hilo leo, vocha nakutumia sasa hivi.

Baba yako