Maswali ya Wasomaji: Nimelipwa Kusifia, Je, Niseme?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka minne sasa ninaandika blogu ya mapishi. Mwezi uliopita kampuni moja ya vyombo vya jikoni iliniletea kikaango kisichogandisha chakula, pamoja na fedha, ili nikisifie bila kusema kwamba nimelipwa. Niliposita, wakanishauri niandike mwishoni "kwa ushirikiano na", kisha nifuatishe neno la Kiingereza lenye maana ya tangazo. Je, hilo linatosha?
Mpishi, Morogoro

JIBU: Dada Mpishi, halitoshi, na nakushukuru kwa kusita. Mama anayenunua kikaango kwa sababu wewe umekisifu anayachukua maneno yako kama ya mtu aliyekwisha kukipikia; akijua umelipwa, atayapima upya kabla ya kutoa fedha yake, na hiyo ni haki yake.

Suala hili lina historia. Mwaka 2006 ilianzishwa huko Orlando, Marekani, kampuni ya PayPerPost iliyowakutanisha waandishi wa blogu na watangazaji. Mwanzoni haikuwalazimisha waandishi kutaja malipo, ikalaumiwa sana, na kabla ya mwaka kwisha ikabadili masharti yake. Kuanzia Desemba 2009, miongozo ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaeleza kwamba mwandishi wa blogu aliyepewa fedha au bidhaa ili aisifie anapaswa kulitaja jambo hilo. Kwa hiyo kikaango chenyewe, hata bila fedha, ni malipo.

Kisa kinachofanana zaidi na chako ni cha duka la nguo la Lord & Taylor. Mwaka 2015 liliwapa watu 50 wenye wafuasi wengi gauni la aina moja, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja ili waweke Instagram picha zao wakiwa wamelivaa. Duka lilikagua maandishi yao kabla hayajatoka na kuhakikisha kwamba jina lake limetajwa, lakini halikumtaka hata mmoja aseme amelipwa. Gauni likanunuliwa likaisha, na mwaka uliofuata Tume ikalifungulia duka mashtaka, yakamalizwa kwa makubaliano. Anayekupangia maneno ya kuandika anajua vizuri ni neno gani ameliacha.

Basi andika juu kabisa, kabla ya orodha ya mahitaji: "Kampuni hii imenipa kikaango na kunilipa ili nikiandikie." Andika kwa Kiswahili, kwa kuwa wasomaji wako wanakusoma kwa Kiswahili. "Ushirikiano" ni neno pana mno, halisemi nani amemlipa nani. Na neno la Kiingereza lililobanwa mwishoni halitaonwa na mama anayesoma kwenye simu huku mkono mmoja umejaa unga.

Tena, kutaja malipo hakukupi ruhusa ya kusifu usichokijua. Kaanga yai katika kikaango hicho kwa wiki kadhaa, na likianza kuganda, liandike hilo pia. Kampuni ikikataa, irudishie kikaango pamoja na fedha zake.