"Kila mtu abebe msalaba wake": Nani aliyesema hivyo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikao cha chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Newala, baadhi ya wanachama walilalamika kwamba korosho zao zimerudishwa kutoka ghalani kwa sababu ya unyevu, wakauliza gharama ya kuzianika upya na kuzisafirisha tena ni ya nani. Mwenyekiti akajibu, "Kila mtu abebe msalaba wake." Mzee mmoja akasimama, akasema Biblia haisemi "abebe", inasema "ajitwike". Ubishi ukahamia hapo, korosho zikasahauliwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwa neno, mzee yuko sahihi. Biblia iliyozoeleka makanisani inasema katika Mathayo 16:24: "Mtu ye yote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate." Lakini "kubeba" si kosa la Kiswahili. Yohana anaposimulia safari ya Golgotha anatumia "akijichukulia", na mahubiri ya kila Jumapili yamejaa "kubeba". Kama ubishi wenu ulikuwa juu ya kitenzi tu, mngeweza kuumaliza kwa kupeana mikono.

Mzee wenu hata hivyo ameshika jambo kubwa. Nenda bombani asubuhi. Mama aliyejaza ndoo humwambia mwenzake, "Nitwike." Wanashika ndoo pande mbili, wanainyanyua, inakaa juu ya ngata. Asipopata mtu wa kumsaidia hupiga goti, huipandisha ndoo mpaka pajani, kisha kichwani, halafu husimama taratibu. Huyo amejitwika. Kubeba kunaweza kuwa kwa hiari au kwa kulazimishwa, kitenzi chenyewe hakisemi. Kujitwika kunasema: mzigo haukumwangukia mtu, aliinama akauchukua mwenyewe. Aliyewekewa mzigo bila kupenda tunasema ametwishwa.

Sasa nirudi kwa mwenyekiti, maana maneno yake yananikera kila ninapoyasikia, na ninayasikia kila mahali, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Hakuna mahali Yesu aliposema "kila mtu abebe msalaba wake". Linganisha na mstari nilioutaja. Kuna "akitaka": ile "-ki-" ni ya sharti, inamwachia mtu nafasi ya kukataa. Kuna "anifuate": mbele yuko mwingine, ametangulia na wa kwake. Msemo wetu umekata kichwa na mkia. "Akitaka" imeondoka, "anifuate" imeondoka, kimebaki kipande cha katikati, nacho kimepachikwa "kila mtu". Maneno yaliyokuwa mwito yamegeuka kuwa njia ya kumfukuza mwenye shida.

Asili ya neno tuipitie haraka. Msalaba tumeupata kutoka Kiarabu, na mzizi huohuo ndio uliotupa kusulubu na kusulubiwa. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe kuna mauaji. Warumi waliwasulubu hasa watumwa na waasi, na raia wao wenyewe kwa kawaida waliepushwa na adhabu hiyo kwa sababu ya aibu yake. Aliyehukumiwa alibebeshwa gogo la kukingama, akapitishwa mbele za watu mpaka mahali pa kufia. Mtu wa Galilaya aliyesikia "ajitwike msalaba wake" hakufikiria ada ya shule wala mvua iliyochelewa. Alimwona mtu anayekwenda asirudi. Ndiyo maana Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba neno la msalaba ni upuuzi kwa wanaopotea, na kwa wanaookolewa ni nguvu ya Mungu. Imani ya Kikristo inasema kwamba kifo hicho cha aibu Yesu alikipokea kwa hiari, tena kwa ajili ya wengine. Toa hiari, toa "kwa ajili ya wengine", utabaki na mti tu.

Sisi watu wa kusini tulipaswa kulisikia hilo haraka kuliko wengi. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa zilishuka hadi Kilwa Kivinje, na watu walipita humo wametwishwa pembe za ndovu, wao wenyewe wakiwa bidhaa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja, na hapo kikaanza kijiji cha Kikristo. Wale walihubiriwa habari za mtu aliyekufa kifo cha mtumwa. Tofauti ya kutwishwa na kujitwika hawakuhitaji kuelezwa na mwalimu wa lugha.

Magazeti ya michezo yakiandika kwamba kocha "amebebeshwa msalaba" baada ya timu kufungwa, nayavumilia. Msomaji anaelewa kwamba ni lawama, na hakuna anayeumia. Nisichokivumilia ni hiki: mwanamke anapigwa na mumewe, anakimbilia kwa wakubwa wake, anaambiwa, "Vumilia mwanangu, huo ndio msalaba wako." Hapana! Hiyo ni jinai, na mahali pake ni polisi. Yeye hakuinama kujitwika kipigo. Ametwishwa na mwenye mkono mzito. Anayemwambia hivyo anachukua neno takatifu kuliko yote aliyonayo Mkristo na kulifanya kufuli la mlango. Nimesikia likisemwa na watu wanaosali sana, nao ndio walipaswa kulijua vizuri zaidi.

Na kama tunataka Maandiko, basi tuyasome yote. Yesu mwenyewe hakuachiwa aubebe peke yake hadi mwisho. Luka anasimulia kwamba askari walimkamata Simoni Mkirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini, akiwa anatoka shamba, wakamtwika msalaba auchukue nyuma ya Yesu. Wakatoliki wa Ndanda na Nyangao humkumbuka kila Kwaresima kwenye kituo cha 5 cha Njia ya Msalaba. Mkulima ametoka shamba, amekuta mwenzake ameelemewa. Wanachama wa chama cha korosho wamkumbuke huyo kabla ya kuwaambia wenzao wajibebee.

Mwenyekiti akitaka mstari wa kumfaa, upo karibu, kwa Wagalatia sura ya 6: "Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Hapo ndipo penye "kila mtu", na kinachochukuliwa ni furushi. Ila mistari mitatu tu kabla ya hapo Paulo ameagiza, "Mchukuliane mizigo," kwa hiyo akiusoma mmoja mbele ya wanachama wake, ausome na wa pili. Wahenga nao walishaona tabia hii wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani usioubeba wewe huuona mwepesi.

Hukumu yangu basi. "Kujitwika msalaba" ndiyo bora. "Kubeba msalaba" inakubalika. "Kubebeshwa msalaba" kwa maana ya kulaumiwa kwa kosa la wengine imeshazoeleka, sitapigana nayo. "Kila mtu abebe msalaba wake" kwa maana ya "shauri yenu" naikataa, na nitaendelea kuikataa. Kiswahili hakijapungukiwa: kuna "kila mtu na lake", kuna "kila mmoja ajitegemee". Na kama mwenyekiti alitaka kusema chama hakitalipa gharama ya kuanika na kusafirisha, angesema "chama hakitalipa". Ni maneno mawili. Kila mwanachama angeyaelewa palepale, na angeweza kumuuliza ni kifungu gani cha masharti ya chama kinachosema hivyo.