Kabla hujaandika skripti, iulize BMC

Wadogo zangu mnaokuja field Mbeya, kila mwaka nawaona: siku ya kwanza mtu anataka skripti ya kubadilisha mipangilio ya seva zote. Subirini. Kaeni kwanza na seva moja, muiulize.

Ndani ya seva kuna kompyuta ndogo iitwayo BMC. Inapata umeme hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya umechomekwa ukutani, na ndiyo inayokuwezesha kuiwasha seva ukiwa mbali. Kwenye Linux unaongea nayo kwa amri ya ipmitool, inayotumia IPMI, lugha ambayo BMC inaielewa. Ukiambiwa /dev/ipmi0 haipo, usikimbilie kusema mashine ni mbovu. Pakia moduli za ipmi_si na ipmi_devintf kwa modprobe, kisha ukiwa root jaribu ipmitool mc info. Ikijibu, umeingia.

Mtandao wake unausoma kwa ipmitool lan print 1. Hiyo 1 ni namba ya chaneli, na mashine nyingine hutumia 2 au 8. Jaribu, andika daftarini. Skripti iliyokariri 1 itakuaibisha kwenye seva ya aina nyingine.

Mimi niliaibika Tukuyu. Nikiwa Mbeya niliibadilishia BMC ya tawi anwani ya IP: nikaweka ipsrc static, nikaweka ipaddr, nikaweka netmask, nikasahau defgw, yaani lango la kutokea kwenda mitandao mingine. Bila lango, BMC ikawa inajibu waliomo mtandao wa palepale tu. Seva yenyewe ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo sikugundua chochote. Jumamosi usiku umeme ukakatika, UPS ikaizima seva kistaarabu kabla betri haijaisha. Umeme ukarudi, seva kimya, na nikiwa Mbeya BMC hainijibu. Jumapili nikapanda Coaster pale Uyole, mvua ya Tukuyu mnaijua, nafika ofisi imefungwa na funguo ziko Mbeya kwa mhasibu.

Kwa nini haikuwaka yenyewe? Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliwazi. Ukiandika ipmitool chassis status utaona mstari wa Power Restore Policy. Yetu ilikuwa previous, yaani irudi kwenye hali iliyokuwepo umeme ulipopotea. Na umeme ulipopotea kabisa, UPS ilikuwa imeshaizima! Seva ilitii. Kwa tawi la mbali naweka ipmitool chassis policy always-on.

Sasa skripti. Isome thamani iliyopo, ilinganishe na unayoitaka, ibadilishe pale tu zinapotofautiana, kisha isome tena. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo ingeniokolea nauli. FreeIPMI, kifurushi kingine cha zana za IPMI, inarahisisha: bmc-config --checkout inatoa mipangilio kama faili la maandishi, --diff inaonyesha tofauti, --commit inaandika. Kwenye matoleo mapya utaikuta kama ipmi-config. Hifadhi faili la kila seva kabla hujagusa kitu.

Ukiita BMC ya mbali kwa ipmitool, nenosiri usiliandike baada ya -P, kwa sababu mtu mwingine kwenye mashine hiyo anaweza kuliona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Liweke kwenye kigeu cha mazingira IPMITOOL_PASSWORD, utumie -E. Lisizidi herufi 20; IPMI 2.0 haipokei zaidi.

Seva ya mazoezi iko chini ya meza ya dirishani. Inavuma kama mashine ya kusaga, msiogope, ni feni. Chaneli yake sitawaambia.