Gesi ya Msimbati na mtungi wa dukani

SWALI: Shikamoo mama. Nauza chakula karibu na stendi hapa Mtwara mjini. Watu wa manispaa walipita wakatuambia tuache mkaa, tuhamie gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 unaniishia kwa siku nne, maana nachemsha maharage kila siku. Gesi inachimbwa Msimbati, hapa hapa kwetu, mbona naiona ghali hivi? Wenzangu wananishauri nitumie maganda ya korosho, yanapatikana bure. Nifanyeje?
Mama lishe, Chikongola

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hayo maganda, maana ndiyo yaliyonishtua. Usiyatie jikoni. Nilipokuwa msichana Mikindani nilibangua korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda yakanichubua vidole hata kumega tonge nikashindwa. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayopanda na moshi ganda likiungua. Kiwandani kuna tanuri na dohani ndefu. Wewe unainamia sufuria, pengine na mtoto mgongoni.

Sasa gesi. Ile ya mtungi haitoki Msimbati. Gesi ya Msimbati, ambayo kitalu chake huitwa Mnazi Bay, iligunduliwa mwaka 1982, na sehemu yake kubwa ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, husafiri kwa bomba, na si rahisi kuigeuza kimiminika ikatulia kwenye mtungi wa nyumbani. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo bei yake hufuata soko la dunia, kisha juu yake nauli ya barabara mpaka kwetu. (Na hii ni nzito: mtungi ukivuja hutuama sakafuni. Fungua milango, usiguse swichi.) Bomba kubwa limeshaifikisha gesi yetu Dar es Salaam tangu 2015, lakini nyumba za Mtwara zilizounganishwa bado ni chache. Linaniuma kama linavyokuuma.

Lakini kuna mlango mwingine, nao wengi hawauoni. Umeme wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi umezalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, na mitambo iko hapa hapa mjini. Ukichomeka jiko la presha la umeme, maharage yako yanaiva kwa gesi ya Msimbati. Langu nililipima: nilisoma mita ya Luku kabla na baada, kilo moja ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha ikala kama nusu uniti. Hata kwa bei ya kawaida ya uniti, haifiki shilingi 200. Fungu la mkaa la kuivishia maharage hayo nalinunua kwa zaidi ya hapo. Mtungi uweke kwa chai, chapati na kukaanga samaki, na kwa siku umeme unapokatika. Nakiri gesi nayo inachafua anga, na jua la Mtwara lingetosha kutupikia siku moja. Ila kati ya gesi na mkaa unaomaliza miti na kifua chako, sisiti kuchagua gesi.

Bei ya jiko ndiyo kikwazo, na hapo manispaa ina wajibu. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Undeni kikundi hapo stendi, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kwenye andiko mtaje majiko waziwazi, idadi na bei. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kupita kwenye vibanda na kutangaza hakutatufikisha huko.

Kisha nenda mkutano wa mtaa, diwani akiwepo, uulize swali moja: mabanda ya mama lishe yanayojengwa kwa fedha ya manispaa, yana soketi? Mengi niliyoyaona yana paa zuri na meza za zege, soketi hamna. Wakikubali kuweka, dai kila banda liwe na mita yake. Mita ya pamoja itawagombanisha kabla mwezi haujaisha.